Usumba wa Pwani Moja

Mume wangu alipata riziki yake kwa kutembea kinyumenyume. Sisemi kwa mzaha, ingawa siku zile nilimtania sana kwa hilo. Ndiyo kazi ya msokota kamba: hujifunga furushi la usumba kiunoni, huupachika mwanzo wake kwenye kulabu ya gurudumu, mwenziwe hulizungusha gurudumu, naye hurudi nyuma pole pole akiuachia usumba kwa vidole, kamba ikatoka mbele ya macho yake huku yeye akienda asikokuona. Banda letu pale Tibirinzi lilikuwa la makuti, halina kuta, na refu kiasi cha mtu kurudi nyuma mpaka apate kamba nzima ya nanga. Nikipita na ndoo ya maji kichwani nilimwambia angalia usije ukaniangusha, na yeye bila kugeuka alinijibu kwamba miguu yangu anaijua kwa mlio wake. Ni miaka mingi sasa. Mpaka leo nikipita mahali penye banda refu la makuti, macho hunitoka yenyewe kumtafuta, na mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Kiwanda kilikuwa cha mzee mmoja wa hapo hapo mjini Chake Chake, ambaye sote tulimwita Mzee, hata waliokuwa wakubwa kuliko yeye. Gurudumu alilinunua Mombasa enzi za ubaharia wake na akalileta kwao kama mtu aliyeleta mke. Watu sita walifanya kazi pale. Walitengeneza kamba za vyombo, kamba za majuya ya wavuvi, kamba za vitanda, na yale mazulia magumu ya kufutia miguu mlangoni ambayo watu wa serikali waliyapenda. Hiyo ilikuwa miaka michache kabla ya Mapinduzi, wakati vyama vya siasa vimeanza kuingia mpaka visimani na mtu akikuuliza hali anaangalia kwanza kanga uliyoivaa. Bandani siasa haikuingia sana, kwa sababu anayetembea kinyumenyume hana nafasi ya kubishana.

Mume wangu alikuwa mtu wa Kojani, kile kisiwa kidogo cha upande wa mashariki wa Pemba ambako hufiki ila kwa chombo. Wanaume wa Kojani ni watu wa dago. Huondoka kundi zima na nyavu zao, wakapiga kambi pwani za mbali, Tanga, Mombasa, mpaka Lamu na kupita, wakavua huko miezi na miezi, na wake zao huwaona mwezi au miwili kwa mwaka. Aliponiposa, baba yangu alikataa katakata. Alisema hatoi binti yake kwa mtu wa kuja kama mgeni wa Idi. Yule kijana akaenda, akakaa miezi sita kwa Mzee akijifunza kamba, akarudi na mikono imechubuka, akamwambia baba kwamba ameacha dago, na maadamu kiwanda kipo hatakwenda tena. Baba akavigeuza vile viganja viwili, akavitazama, akaniita. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikisikiliza kila neno, na roho yangu ilikuwa juu juu tangu alfajiri.

Basi kuanzia siku hiyo mimi nilikuwa na kazi moja kubwa kuliko zote, ingawa hakuna aliyenipa. Kazi yangu ilikuwa kiwanda kisisimame. Kikisimama, ahadi imekwisha.

Kiwanda cha kamba husimama kwa kitu kimoja tu, kukosa usumba. Usumba ni zile nyuzi za kumbi la nazi, na kumbi halitoi nyuzi kwa kuombwa. Hufukiwa kwenye shimo pwani, pale maji yanapopanda na kushuka, likawekewa mawe juu, likakaa miezi mpaka nyama yake ioze zibaki nyuzi. Shimo likifukuliwa, harufu yake humkimbiza paka. Kisha hupigwa kwa gongo, huoshwa, huanikwa, ndipo usumba ukapatikana. Kwetu Chokocho, kusini, kazi hiyo yote ilikuwa ya wanawake, na wanawake wenyewe walikuwa mama yangu, wadogo zake wawili na mabinti zao. Kila bamvua, maji yanapokupwa mpaka mwisho na mashimo yakawa wazi, mimi nilipanda gari la abiria kwenda kwetu, nikakaa siku mbili tatu nikipiga makumbi pamoja nao, kisha nikarudi Tibirinzi na mafurushi juu ya gari. Utingo alilalamika kila safari kwamba abiria wake watanuka kama mimi. Nilimwambia wanuke, ndiyo harufu ya kazi.

Mzee alinionya mara moja, nami nikamjibu kijeuri. Aliniuliza kwa nini usumba wote unatoka pwani moja, na pwani hiyo ikipata la kupata itakuwaje. Nikamwuliza bahari itahamia wapi. Nikamwambia pwani ni moja, lakini na mikono ni ya nyumba moja, na watu wangu hawawezi kunitupa. Akacheka, akaacha. Naye alikuwa Mpemba kama mimi, asingeweza kuniambia niwaruke mama zangu nikachukue mali ya watu baki.

Maana watu baki walikuja. Wanawake wawili wa Kiwani walikuja mpaka bandani na furushi dogo la kuonyesha, usumba mweupe, mrefu, safi kuliko wetu, nasema kweli. Walitaka kuwa wanatuletea kila mwezi. Niliwakaribisha, nikawapa chai, nikausifu usumba wao mpaka wakaona haya, kisha nikawaambia kwa maneno matamu kwamba tunao wa kutosha. Ningewakubalia, habari ingefika Chokocho kabla ya gari, na mama zangu wadogo wangeniuliza wamenikosea nini. Sikuona kama nafanya kosa. Niliona naheshimu ukoo.

Baba alifariki asubuhi moja baada ya homa ya siku tatu. Sitaki kuieleza sana. Alikuwa mtu wa kucheka peke yake akikumbuka jambo, na mpaka leo hatujui alikuwa akikumbuka nini. Tulimzika baada ya adhuhuri, matanga yakakaa, na mama akaingia eda: miezi minne na siku kumi ndani ya chumba chake, nguo nyeupe, bila mafuta mazuri wala udi, bila kutoka wala kukaa barazani. Wiki ile ile likaja bamvua, na makumbi ya mashimo karibu yote yalikuwa yameshaiva.

Pwani yetu ilikuwa na utaratibu wake. Mkubwa wao ndiye hufungua. Huenda wa kwanza, akasema bismillahi, akaondoa jiwe la kwanza kwenye shimo lake, na wengine wote wakafuata. Hakuna aliyejua nani aliuanzisha, na kwa miaka yote mkubwa alikuwa mama. Sasa mama yumo ndani. Wanawake wote walishuka pwani na magongo yao, wakasimama mbele ya mashimo, wakatazamana. Mimi nilikuwepo. Nikamtazama mama yangu mdogo, aliyekuwa akimfuata mama kwa umri, na yeye akatikisa kichwa.

"Nkifungua mie na dada yumo ndani," akasema, "si ndo nnamzika na yeye?"

Tukarudi nyumbani na magongo yetu, na maji yakajaa tena juu ya mashimo.

Mtu wa dini ataniambia kwamba mwenye eda hakukatazwa kusema neno la kazi. Najua. Sheria haikusema hivyo, tulisema sisi. Mama angeweza kukaa palepale kitandani akatamka maneno mawili, fungueni tu, na mashimo yote yangefunguliwa. Lakini nani aende amwombe? Mjane hajamaliza hata mwezi, umwingilie chumbani kwa habari za makumbi? Wote walinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye mtoto, na mimi ndiye mwenye kiwanda na mume. Wala hawakunilazimisha. Walisema tu, mwanawe anajua wakati wa kusema.

Ghala la Tibirinzi lilikuwa na usumba wa kama wiki tano. Nilikuwa nikienda kila asubuhi kuuangalia kama mtu anayemtazama mgonjwa. Mzee alituma Unguja, ukaja mzigo mmoja uliolowa njiani, nyuzi fupi, zikakatika kwenye kulabu. Nikajikaza, nikaenda Kiwani kwa wale wanawake wawili. Walinipokea vizuri kupita kiasi. Walinipa chai, wakasifu kanga yangu, kisha wakaniambia kwa maneno matamu kwamba wao wameshapata mtu wa Mkoani anayechukua wote. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, nimerudishiwa na sukari yake. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijitukana.

Nilikwenda kwa mama mara tatu katika eda ile. Mara ya kwanza nilikaa chini karibu na kitanda chake, nikamkanda miguu, nikamweleza habari za mjini na za bei ya mchele. Alikuwa amepungua. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akaniuliza pwani vipi. Nikamwambia pwani salama, asijitie mawazo. Akanitazama kidogo. Akaniuliza mume wangu hajambo, nikasema hajambo, yuko kazini. Wakati huo mume wangu alikuwa juu ya paa letu akibadilisha makuti ambayo hayakuwa na haja ya kubadilishwa, kwa sababu bandani hakukuwa na kazi ya siku nzima.

Mara ya pili nilikuwa nimeyapanga maneno toka nyumbani. Niliyasema peke yangu ndani ya gari mpaka mwenzangu wa kiti akadhani nasoma dua. Nikaingia chumbani, nikaliona shati la baba limetundikwa kwenye msumari, na mama ameliweka mahali ambapo akigeuka upande wowote analiona. Maneno yote yakanitoka. Nikajiona mwizi, nimekuja kumwomba mtu aliyefiwa na mume anisaidie nisiondokewe na wangu. Tukazungumza habari za kuku. Nilipoinuka kuondoka, mama akaniuliza tena, pwani vipi. Nikamwambia pwani ipo, mama, haiendi mahali, utaikuta.

Ya tatu sikai hata kuisimulia. Aliuliza vilevile, na mimi nikajibu vilevile.

Nyumbani, ndugu zake mume wangu walianza kupita. Walikuja Chake Chake kwa shughuli zao, wakala kwangu, wakamsifu mdogo wao kwa nyumba nzuri, na kabla ya kuondoka wakataja kwamba juya la ukoo limepungukiwa na mtu. Juya ni wavu mkubwa unaovutwa na watu wengi kwa kamba ndefu pande mbili, na kila mkono una mahali pake. Hawakumwambia njoo. Watu wa Kojani hawasemi njoo. Walitaja tu, kama mtu anavyotaja mvua.

Siku moja alasiri, baada ya ndugu zake kuondoka, mume wangu aliniuliza mama anasemaje kuhusu mashimo. Nikamdanganya. Nikamwambia mama amesema mpaka eda iishe. Niliona aibu kumwambia kwamba nimekwenda mara tatu na mdomo umenigomea mara tatu. Uongo ule ulikuwa mdogo, na nilifikiri nausema kumlinda mama. Akahesabu kwa vidole miezi iliyobaki.

Mzee alikuwa ameshawaruhusu wanne kati ya sita wajitafutie mpaka hali itengemae. Mume wangu alisubiri wiki mbili zaidi. Asubuhi aliyoondoka alikuwa amekunja nguo zake kwenye kikapu, na alikuwa amekaa kizingitini akiningoja nirudi kisimani. Nilipoutua mtungi akaniambia anakwenda na wenziwe, msimu mmoja tu. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo.

"Ahadi nlimpa baba'ko, Mungu amrehemu. Weye mwenyewe hujanambia kitu. Wataka nini?"

Nilitaka asiende. Nilitaka nimshike ile mikono iliyochubuka kwa ajili yangu, nimfungie kikapu chake chumbani na ufunguo niumeze. Lakini nililelewa kwamba mke hamzuii mume kwenye riziki, na kwamba mwanamke mwenye adabu hutakiwa, haombi. Nikamwambia afanye anavyoona. Akaitikia kwa kichwa, akainua kikapu, akaenda njia ya Wete na ndugu yake mmoja aliyekuwa akimsubiri kwenye kona. Alitembea mbele, kama watu wote. Nilisimama mlangoni mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Eda ya mama iliisha wiki tano baada ya yeye kuondoka. Tulimwogesha, tukamvalisha, tukamfukiza udi, akatoka barazani akasalimiwa na kijiji kizima. Bamvua lilikuwa siku ya pili yake. Akashuka pwani kwa mwendo wake wa pole, sote nyuma yake na magongo yetu, akasema bismillahi, akaondoa jiwe. Makumbi yalikuwa yamekaa kupita muda wake, na usumba uliotoka ulikuwa laini na mweupe kuliko wowote niliowahi kuushika. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilipiga makumbi bila kuinua kichwa.

Mama alikuja akachutama karibu yangu. Akaniuliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko dago, na kwa nini, na yote, hata uongo. Akachambua nyuzi kwa vidole.

"Nlikuuliza pwani mara tatu," akasema. "Mara tatu wanambia salama. Mie nlikuwa edani, mwanangu, sikuwa kaburini. Nlikaa mle ndani nkingoja mtu anambie kuna kitu mie naweza."

Alikuwa amekaa miezi minne na siku kumi akitazama shati, na neno moja la makumbi lingemfanya awe mtu wa haja tena. Nilijidai namhurumia, kumbe nilimnyima. Nikalia palepale kwenye tope, na mama akaendelea kupiga kumbi langu ili lisikauke.

Siku ile ile aliwakusanya wote akasema kuanzia sasa atakayewahi pwani afungue, awe mkubwa awe mdogo, na asiyeridhika aje kwake. Mama yangu mdogo alinuna mpaka magharibi, kisha akawa yeye ndiye wa kwanza kuwahi kila bamvua.

Nikarudi Tibirinzi na hasira ya kazi. Nilikuwa naamini, na kwa nini nisiamini, kwamba msimu mmoja ni msimu mmoja, na akirudi akute kiwanda ambacho hakiwezi kusimama tena kwa jambo lolote. Kila usiku wa dago lake niliulipa kwa mchana wa kazi. Kwanza nilikwenda Kiwani kuomba radhi, si kuomba usumba. Niliwaambia kwamba niliwakataa kwa kuogopa maneno ya kwetu. Wakacheka sana, wakanipa nusu ya usumba waliokuwa nao, na mtu wa Mkoani akabaki na nusu. Halafu nikawagawa watu wetu wa Chokocho, kila wawili wafukie makumbi kwa bamvua lao, wasifukie wote pamoja wala kufukua wote pamoja, ili hata kama kuna matanga, harusi au msimu wa karafuu, pawe na shimo lililoiva mahali. Maana msimu wa karafuu nao hutuchukulia wanawake wote mashambani, na miaka ya nyuma tulikuwa tukijidanganya kwamba hautakuja. Nikamwomba Mzee atenge pembe ya ghala kwa usumba wa akiba usioguswa mpaka usumba mwengine wote umekwisha. Alinikubalia yote. Alisema anajuta kwamba alicheka siku ile.

Mwisho nilikwenda Kojani. Nilivuka kwa mashua, nikaenda kwa mama mkwe wangu, mwanamke mrefu, mkavu, asiyepoteza maneno. Nikamweleza kwamba nataka afukie makumbi pwani kwake, yeye na majirani zake, na mimi nitayachukua kila bamvua la pili. Alinisikiliza, akaniuliza maswali ya kazi tu. Jioni tulipokuwa tukila, aliniambia kwamba yeye alizaa watoto saba na baba yao hakuwepo hata kwa mmoja. Hakulalamika, alinipa habari. Usiku ule nililala kwenye kitanda alichokuwa akilalia mume wangu utotoni, na nilijua kwa mara ya kwanza kile alichokikimbia aliponiposa mimi.

Alirudi baada ya miezi kumi na moja. Alikuja asubuhi, mweusi kwa jua, mabega yamejaa, ananukia chumvi. Nilifurahi mpaka nikatia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, na akaula wote bila kusema. Kisha nikamchukua bandani kumwonyesha ghala. Lilikuwa limejaa mpaka kwenye boriti: usumba wa Chokocho upande huu, wa Kiwani upande huu, na kwenye kona mafurushi mekundu ya kwao Kojani, aliyofunga mama yake kwa mkono wake. Aliyajua mafundo. Aliyashika, akacheka kwa furaha ya kweli, akaniambia hakujua kama naweza jambo hili. Nikamwambia hata mimi sikujua.

Mzee akampa furushi ajifunge kiunoni. Kwa siku tatu alisokota. Nilileta maji mara nyingi kuliko ilivyokuwa haja. Lakini vidole vyake vilikuwa vimekuwa vinene, vimezoea kukamata na kuvuta, na usumba hautaki kukamatwa, unataka kuachiwa. Kamba ilitoka na matumbo, hapa nene, hapa nyembamba. Mzee alimwambia itarudi, mikono haisahau, ampe mwezi mmoja. Nami niliamini. Mwezi mmoja kwangu haukuwa kitu.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, aliniambia wenziwe wako tayari kuondoka. Nilikuwa nakunja mkeka. Niliuacha, nikakaa mbele yake, na safari hii sikuutia mdomo kufuli. Nilimwambia yote: kwamba mama hakusema mpaka eda iishe, ni mimi niliyemsingizia, kwamba siku ile kizingitini nilitaka asiende, kwamba kila furushi alilolishika kule ghalani nililibeba kwa ajili yake. Nikamwambia kwa kinywa changu, bila kuangalia chini.

"Baki. Nakuomba mimi, si baba."

Aliziba uso kwa viganja vyake. Nilidhani amekasirika kwa ule uongo. Alipoviondoa macho yalikuwa mekundu.

"Neno hilo lingenitosha mwaka jana," akasema. "Nsingevuka hata uwa. Sasa tu watu kumi na wawili kwenye juya, na mkono wa kamba ya chini n'wangu mie. Kaka kavunjika bega huko Lamu, havuti tena. Nkitoka mie juya halivutiki, na watoto wa nyumba kumi na mbili watakula nini? Weye wayajua mambo hayo kuliko mie."

Niliyajua. Mwaka mzima nilikuwa nimezunguka Pemba nikiwaeleza wanawake kwamba kazi isimtegemee mtu mmoja, kwamba lazima pawe na mkono mwengine tayari. Hakuna mtu aliyewahi kupita Kojani kuwaeleza hivyo wenye juya. Nilimtafutia kiwanda watu wa kila pwani, na yeye wakati huo huo akawa mtu pekee wa mahali pengine. Ningembishia kwa maneno gani, na yote ni yangu?

Nikamwuliza wanaondoka lini. Akasema kesho asubuhi. Nikainuka, nikatia unga kwenye sinia nikaukanda, nikampikia mikate ya kufunga njiani. Ilikuwa ya siku tatu. Kwa miaka yote iliyofuata, siku tatu hizo za mwanzo wa kila safari ndizo pekee nilizojua mume wangu anakula nini.